Mwalimu wa Nyota

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012, jua lilipochomoza kutoka baharini mbele ya Matemwe, kaskazini-mashariki ya kisiwa cha Unguja, lilichomoza na doa. Doa lenyewe lilikuwa dogo, jeusi na la mviringo. Lilikuwa Zuhura, sayari ileile ambayo wavuvi huiona iking'aa kabla ya mapambazuko au baada ya magharibi; safari hii ilikuwa ikipita baina ya dunia na jua. Ilikuwa imeanza kupita tangu usiku, watu wamelala, na ikamaliza safari yake muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi. Jambo hilo lilikuwa limetokea mwaka 2004, na kabla ya hapo mwaka 1882. Halitarudi tena mpaka Desemba 2117.

Tukio la namna hiyo haliwezi kujieleza lenyewe. Asiyeambiwa hatazama, na akitazama bila ya kuambiwa ataumiza macho yake. Lazima awepo mtu wa kutangulia kusema: siku fulani, saa fulani, elekeeni upande fulani, na mkinge macho kwa namna hii. Nchini Tanzania, katika miaka hiyo, jina lililotajwa kwanza kila palipohitajika mtu wa kusema maneno hayo lilikuwa la Dakta Noorali Jiwaji, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Aliandika magazetini, akahojiwa na vyombo vya habari, akawaendea wanafunzi mashuleni. Kazi yake ilikuwa ya kuwasimulia watu wa kawaida habari za anga lililo juu ya vichwa vyao.

Kazi hiyo ina historia katika pwani hii, na historia yenyewe ni ndefu kuliko magazeti na redio. Atakayeifuatilia ataona kwamba tatizo la msimulizi wa nyota mara nyingi limekuwa la maneno kuliko la elimu: nyota aziite kwa majina gani, na majina hayo yawe ya nani?

Matemwe ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni kijiji kirefu kilichojinyoosha ufukweni, kikikabiliana na mwamba na kisiwa kidogo cha Mnemba. Watu wake huvua kwa ngalawa na mashua, hutafuta pweza mwambani, na tangu kilimo cha mwani kilipoingia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wengi wa pwani ya mashariki wamekuwa na mashamba yao ndani ya maji. Kazi zote hizo zinakwenda kwa saa, na saa hiyo imetundikwa mbinguni. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: maji hujaa mno na hupwa mbali mno, mwamba ukabaki wazi. Katika siku za kati, mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, na aliyezoea kwenda mwambani hukaa nyumbani. Wavuao dagaa kwa taa hutaka usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi huishinda taa. Hakuna haja ya kumfundisha mtu wa Matemwe kwamba mwezi una uhusiano na bahari. Alilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Tena ziko nyota. Kundi lile dogo lililosongamana, ambalo Waarabu huliita Thuraya, Waswahili hulijua kwa jina la Kilimia. Jina hili halikuja na jahazi. Limetokana na kulima, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za Kibantu hata kusini kabisa mwa Afrika, ambako Wazulu na Waxhosa huliita isiLimela. Methali ya pwani inakufunga kuzama na kuzuka kwa Kilimia pamoja na zamu za jua na mvua: kikizama katika hali moja, huzuka katika nyingine. Zuhura nayo ina jina lake la kale, Ng'andu. Upepo wa mashariki huitwa matlai, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya mahali pa kuchomozea. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walizipa pande za dira majina ya nyota, kila upande kwa nyota inayochomoza au kutua hapo. Kwa hiyo mvuvi asemaye kwamba leo matlai inavuma, anatamka neno la watu waliozisoma pande za dunia kwa nyota, ajue asijue.

Kusini mwa kisiwa hichohicho, watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai. Sherehe hiyo ni mabaki ya kalenda ya jua iliyohesabiwa kuanzia Nairuzi kwa mafungu ya siku kumi kumi, yaitwayo miongo. Miongo 36 na siku 5 za nyongeza hufanya siku 365. Kwa hesabu hiyo wakulima na mabaharia walijua lini pepo zitageuka, lini mvua itarajiwe, lini chombo kisithubutu kutoka. Hesabu yenyewe haikuwa na siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, na hivyo ilisogea kidogo kidogo kuliko majira. Wajuzi wake walilijua hilo na wakalitengenezea hesabu. Yatosha kusema kwamba anayekuja na elimu ya nyota katika kisiwa hiki hawakuti watu wakiwa mikono mitupu.

Kati ya watu wa bahari hii ambao maandishi yao yamebaki, mwandishi mkubwa wa nyota ni Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, mji wa zamani uliokuwa karibu na Ras al-Khaimah ya leo. Aliishi karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo, na baba yake alikuwa ametunga shairi refu juu ya Bahari ya Sham. Mwana akaifuata njia hiyo, akaipanua. Mwaka 1462 alimaliza shairi kubwa la elimu ya bahari, la beti zaidi ya 1,000. Karibu na mwaka 1490 akamaliza kitabu chake mashuhuri cha nathari, Kitab al-Fawaid, kinachoeleza vituo vya mwezi, pande za dira, nyota za kupimia, pepo za misimu na njia za bahari. Kazi zake nyingi nyingine ni mashairi, na mojawapo linahusu safari za pwani ya Afrika hadi Sofala. Shairi hilo lilihifadhiwa katika maktaba ya Leningrad, na lilichapishwa mwaka 1957 na Theodor Shumovsky pamoja na mengine mawili.

Kwa nini ushairi? Wapenzi wa ushairi wanaweza kudhani kwamba ni kwa ajili ya pambo. Haikuwa hivyo. Usiku wa bahari hauna taa ya kusomea, na mwenye kushika usukani hana mkono wa kufungulia kitabu. Kipimo cha nyota ni tarakimu, na tarakimu husahaulika haraka; lakini ikifungwa ndani ya mizani na kina, kosa husikika masikioni kabla halijafika kwenye usukani. Bahari ya rajaz aliyoitumia ni nyepesi na yenye mwendo, bahari ya kuimbika na kukaririka. Kipimo chenyewe kilikuwa kidole: urefu wa nyota juu ya upeo uliopimwa kwa vidole vya mkono ulionyooshwa, na baadaye kwa kibao chenye uzi wa mafundo. Nyota ya kaskazini, waliyoiita Jahi, huzama machoni mwa msafiri avukaye ikweta kuelekea kusini. Kwa hiyo anayeshuka kutoka Mogadishu kwenda Kilwa na Sofala alihitaji kujifunza nyota nyingine za kupimia, na mshairi ndiye aliyempa orodha yake.

Jina la bin Majid limefungamanishwa na kisa cha Malindi. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na mwongozaji aliyepewa hapo, akafika pwani ya Calicut chini ya mwezi mmoja baadaye. Mwanahistoria wa Makka wa karne ya 16, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliandika kwamba mwongozaji huyo alikuwa bin Majid. Maandishi ya Kireno yanamtaja Mwislamu wa Gujarat, na watafiti wengi siku hizi hawaikubali habari ya al-Nahrawali. Kwa makala haya kilicho na faida zaidi ni cheo ambacho Wareno walikisikia na kukiandika kwa masikio yao: Malemo. Ni neno la Kiarabu, muallim, lililotumiwa katika bahari nzima kumwita mwongozaji wa chombo kwa nyota. Ndilo hilohilo lililotupatia mwalimu katika Kiswahili. Katika pwani hii, asomeshaye watoto darasani na aongozaye jahazi kwa nyota waliitwa kwa neno moja.

Redio ilipoingia Unguja katikati ya karne ya 20, elimu ya anga ilipata mimbari mpya, ingawa hakuna aliyeiita kwa jina hilo. Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 ya Shaabani na tena ya tarehe 29 ya Ramadhani, watu hukusanyika kusubiri habari. Mwezi umeonekana au haukuonekana? Umeonekana wapi, na nani kauona? Tangazo hilo ndilo tangazo la elimu ya anga linalosikilizwa kwa makini kuliko lolote lile katika visiwa hivi. Biashara, safari, mapishi na nguo mpya za watoto zote husubiri neno lake. Tena linazua mjadala wa kweli wa elimu: je, hesabu ya mwenendo wa mwezi itangulie, au jicho? Mwandamo wa nchi nyingine uwafunge watu wa huku? Mafundi seremala na wauza samaki hujadili umri wa mwezi na urefu wake juu ya upeo kwa hoja ambazo katika nchi nyingine huachiwa wataalamu.

Kupatwa kwa jua nako kulikuwa na msimulizi wake tangu zamani. Kila Mwislamu aliyesoma chuoni amesikia habari ya siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, na jua likapatwa. Watu wakasema limehuzunika, naye akawaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Sala ya kupatwa imebaki, na pamoja nayo limebaki fundisho kwamba anga lisitafsiriwe kwa uvumi. Msimulizi wa leo anayekanusha hofu za siku ya kupatwa ana msingi huo wa kusimamia.

Hata hivyo, tangazo la mwezi ni la jioni moja au mbili kwa mwaka. Mfano wa mtu aliyeifanya kazi hii kuwa ya maisha, mwezi baada ya mwezi, ulitoka Uingereza. Patrick Moore alizaliwa mwaka 1923. Baada ya vita hakwenda chuo kikuu; alijifunza mwenyewe, akauchora uso wa mwezi kwa kuutazama kwa darubini yake, akaandika vitabu vingi kwa mashine ya taipu ya kizamani. Tarehe 24 Aprili 1957 alianza kipindi cha kila mwezi katika televisheni ya BBC juu ya anga la usiku. Miezi michache baadaye Warusi wakarusha Sputnik, na watu wote wakataka kujua kilichoko juu. Aliendelea na kipindi hicho mpaka alipofariki Desemba 2012, miaka 55, akikosa toleo moja tu, la mwaka 2004, alipokuwa mgonjwa. Hakuwa msemaji wa taratibu, maneno yalimtoka mbio. Na baadhi ya maoni yake ya kisiasa yaliwaudhi wengi. Lakini katika habari za nyota hakumdharau msikilizaji. Alisema kwa lugha ya nyumbani, akamwambia mtu aende nje kutazama.

Moore alikuwa na bahati moja ambayo ni rahisi kuisahau: lugha aliyozungumza ilikuwa imekwisha kupatana juu ya majina. Aliposema jina la sayari, mtoto wa shule na profesa walifahamu kitu kimoja. Msimulizi wa Afrika Mashariki hakuipata bahati hiyo, na sababu zake zinaonekana katika mambo yaliyopita juu ya pwani hii katika miaka hiyohiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walijenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wao wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa moja ya vituo vilivyomsikiliza. Kituo hicho kilipingwa kwa sababu za siasa, kwani wengine walihofu kisiwa kisije kikawa shabaha katika ugomvi wa wakubwa, na kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ikarushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kutafuta miale ya eksirei angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo na kufungua mlango mpya katika elimu ya nyota. Neno la Kiswahili likaingia katika vitabu vya wanajimu wa dunia nzima.

Neno likapanda, lakini elimu haikushuka. Zungumza na mtu mzima wa pwani juu ya Uhuru, atakuambia habari za bendera. Mambo yaliyotendeka Unguja na Malindi yaliandikwa kwa Kiingereza na Kiitaliano, na hapakuwa na mwalimu wa kuyaleta ufukweni.

Kazi ya Jiwaji yafaa ipimwe kwa kulitazama pengo hilo. Chuo Kikuu Huria, alikofundisha, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kuwafikia watu pale walipo, wafanyakazi na wazazi wasioweza kukaa bwenini. Chuo cha namna hiyo kinamfaa msimulizi wa nyota, kwa kuwa anga nalo halina bweni. Katika safu zake za magazeti alieleza anga la usiku la Tanzania mwezi hadi mwezi: sayari gani inaonekana jioni, ipi alfajiri, mwezi utapita karibu na nyota gani. Neno lenye uzito hapo ni Tanzania. Ramani za nyota zilizomo katika vitabu vingi vilivyoletwa nchini zimechorwa kwa ajili ya mtu aliyesimama London au New York. Anayezishika Matemwe ataona nyota zimepinduka, na sehemu ya anga lake haimo. Akiwa takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta, mtu wa Unguja anaziona nyota za kusini ambazo Moore hakuziona kutoka bustani yake, na anaziona nyingi za kaskazini vilevile. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua humsimamia utosini adhuhuri, na kivuli cha mnazi kikakusanyika chini ya mnazi wenyewe. Hayo hayaelezwi na kitabu cha London.

Mwaka 2009, Umoja wa Mataifa ulipoutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Elimu ya Anga, kuadhimisha miaka 400 tangu Galileo kuielekeza darubini yake mbinguni, Jiwaji alikuwa miongoni mwa waliouongoza nchini. Mwaka 2012 ikaja Zuhura. Na tarehe 1 Septemba 2016 ikaja siku kubwa kuliko zote: jua lilipatwa kipete. Mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, kwa hiyo haukuweza kulifunika jua lote. Ukaacha pete ya mwanga pembeni. Njia ya kivuli ilikatiza kusini mwa Tanzania, na kilele cha kupatwa kwenyewe kilikuwa juu ya ardhi ya Tanzania, karibu na saa sita mchana, pete ikadumu takriban dakika tatu. Rujewa, mji mdogo wa Mbarali katika mkoa wa Mbeya, uligeuka mahali pa kukusanyikia. Katika wiki zilizotangulia Jiwaji alikuwa akieleza magazetini na kwenye vyombo vya utangazaji kwa nini kupatwa kunatokea, njia itapita wapi, na kwa nini miwani ya jua ya kawaida haitoshi kukinga macho. Unguja kulipatwa sehemu tu. Waliojua saa yake walitazama.

Siku hiyo ilithibitisha jambo moja ambalo wenye vyombo vya habari huwa hawaliamini: watu wanataka kuambiwa habari za anga. Hawachoki nazo. Huchoka na lugha isiyowafikia.

Na hapa ndipo yanapokuja majina. Waswahili walirithi majina matano ya sayari zinazoonekana kwa macho: Utaridi, iliyo karibu kabisa na jua, Zuhura, Mirihi, ile nyekundu, Mushtari, iliyo kubwa kupita zote, na Zohali, yenye pete. Kulikuwa pia na majina ya buruji kumi na mbili, kama vile Saratani, ambayo ni kaa. Sumbula, ambayo ni shuke. Na Kausi, ambao ni upinde. Darubini ikaja ikaongeza sayari ambazo wazee hawakuziona: Uranus mwaka 1781, Neptune mwaka 1846, na Pluto mwaka 1930, ambayo mwaka 2006 ilishushwa daraja ikawa sayari kibete. Watunga orodha za shule walihitaji majina ya Kiswahili ya hizo zote. Zikaenea orodha zilizoiita sayari ya kwanza Zebaki, kwa kuwa katika Kiingereza sayari hiyo na madini hayo yana jina moja. Utaridi, likiwa sasa halina kazi, likapelekwa mwisho wa safu kuwa jina la Pluto. Zohali likahamishiwa Uranus. Sayari yenye pete ikaitwa Sarateni, jina linalokaribiana kwa sauti na lile la Kiingereza, lakini ambalo asili yake ni kaa wa buruji. Neptune ikapewa Kausi, ambayo ni upinde na si sayari.

Mfasiri yeyote anaifahamu njia iliyofikisha hapo. Mtu alikuwa na orodha ya Kiingereza upande mmoja na upande wa pili mapengo ya kujazwa, na hakumuuliza baharia wala shekhe. Lakini matokeo yake si madogo. Mtoto anayefundishwa kwamba Zohali ni Uranus amefundishwa kwamba Zohali haionekani kwa macho, hali babu yake alikuwa akimwonyesha kidole. Akisoma maandishi ya wazee yanayotaja Utaridi, atadhani wazee walizungumzia Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930. Kamba inayomfunga na waliomtangulia imekatwa, na aliyeikata alidhani anatunga msamiati.

Kisiwa cha Unguja kina mfano wake katika jina moja tu. Sayari ya kwanza ilijulikana hapa kwa jina la Utaridi. Wageni wakaja na kituo chenye jina la Mercury, ambalo ni jina la sayari hiyohiyo. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaenda Uingereza akawa mwimbaji na akajiita Freddie Mercury. Mwenzake wa bendi, Brian May, ni mwanaelimu ya anga aliyeandika kitabu pamoja na Patrick Moore. Mwaka 2016, miaka 70 tangu kuzaliwa kwa Bulsara, sayari ndogo nambari 17473 ikapewa jina lake. Yote hayo yamezungumzwa katika lugha nyingi, na mtoto wa Unguja anayataja kwa fahari. Ukimwuliza Utaridi ni nini, huenda asijue.

Mwandishi na mtangazaji wa nyota anayetaka kuwafikia watu hawa ana kazi mbili kwa hiyo. Ya kwanza ni kueleza elimu mpya bila ya kuikosea, na hiyo Jiwaji aliifanya kwa miaka mingi na kwa uvumilivu. Ya pili ni kurejesha kila jina kwa mwenyewe, na hiyo si kazi ya mtu wa fizikia peke yake. Ni kazi ya washairi, wafasiri, watunga kamusi na watangazaji. Ahmad bin Majid hakuzigawa kazi hizo mbili, kwa sababu katika zama zake mwenye hesabu na mwenye lugha aliweza kuwa mtu mmoja. Siku hizi ni lazima waketi pamoja.

Muda si mrefu. Tangu miaka ya 1990 ufuko wa Matemwe umejengwa mahoteli, na taa zake zinazififisha nyota zilizo chini karibu na upeo, zilezile zilizokuwa zikimwonyesha mvuvi upande wa kurudi. Mashine ya boti na simu yenye ramani zimemwondolea kijana sababu ya kuinua macho. Hakuna wa kumlaumu; simu haikosei njia. Lakini nyota isiyotumika haitajwi, na isiyotajwa jina lake hufa na aliyelijua. Mzee mmoja akizikwa Matemwe, Nungwi au Kizimkazi, huenda yakazikwa naye majina ambayo hayamo katika kamusi yoyote, na hakuna darubini ya kuyarudisha. Kuyakusanya hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji daftari, usiku wa giza mbali na taa, na mtu wa kuuliza kwa adabu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Litafunikwa lote juu ya Makka, na katika visiwa hivi litapatwa sehemu. Redio zitasema, na watu watasikiliza, kwa kuwa hawajaacha kusikiliza tangu zama za miongo na rajaz. Atakayeshika maikrofoni siku hiyo atakuwa amekikalia kiti cha mwalimu wa zamani, yule wa chombo na yule wa darasa. Inafaa apewe mapema majina yaliyo sahihi. Ama Zuhura, haitapita mbele ya jua mpaka Desemba 2117, na watakaosimama Matemwe kuitazama asubuhi yoyote kabla ya hapo wataiona nyota ya alfajiri tu, kama zamani. Wakiwa bado wanaiita Ng'andu, itakuwa kwa sababu yuko mtu aliyewaambia.